Usipige Simu Alhamisi

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Salamu nyingi zikufikie wewe, wifi na watoto, na natumai kovu lako la ubavuni halikusumbui wakati huu wa baridi. Sisi huku ni wazima, ila baba yako ananitia wazimu. Nasema baba yako, maana wiki hii mimi sina baba. Nimeona niandike kwa sababu kila nikikupigia simu anasogeza kiti, anataka asikie kila neno.

Uliposikia kwamba figo uliyompa imeanza kusuasua, ulinilaumu kwamba sisimamii dawa zake. Niliumia, kaka. Baba ni fundi saa. Vile vidonge vya kuzuia mwili usiikatae figo yako anavimeza saa mbili kamili, asubuhi na usiku, hata akiwa na saa ya mteja imelala mezani matumbo wazi. Daktari naye akaniuliza kama mzee anaruka dozi. Nilimjibu kwa ukali mpaka nikaona haya.

Kilichotutesa ni hiki. Kila siku ya kliniki hupimwa damu kuona dawa iliyobaki mwilini tangu usiku. Kwa hiyo asubuhi hiyo hatakiwi kumeza. Kidonge anakwenda nacho mfukoni, akishatolewa damu ndipo ameze. Muuguzi amemweleza, mimi nimemweleza, hata karatasi nimeibandika juu ya meza yake ya kazi. Anaitikia vizuri kama mtoto anayetaka kuruhusiwa kwenda kucheza. Lakini majibu yakija, dawa inaonekana imezidi, daktari anapunguza dozi. Safari iliyofuata imezidi tena, anapunguza tena. Kumbe baba alikuwa anameza nyumbani kabla hatujatoka, na akiulizwa maabara anasema bado, macho makavu! Dawa haikuzidi hata siku moja. Ilikuwa inapungua, na mwili ukaanza kuipiga vita figo.

Nimegundua Alhamisi iliyopita, siku ya kliniki, nilipowahi kumfuata. Nilimkuta jikoni, glasi mkono mmoja, simu mkono wa pili, ndiyo kwanza mmeagana. Nilipiga kelele hadi majirani wakachungulia. Nilimwuliza ni akili gani hizo, mtu mzima kudanganya wauguzi. Akawa anafuta glasi iliyokwisha kauka.

Ndani ya teksi ndipo aliposema. Alisema wewe humpigia kila asubuhi saa mbili, na neno lako la kwanza ni kumwuliza kama amemeza. Siku moja ya kliniki alikujibu bado, ukanyamaza, akabaki anasikia unavyohema. Kabla hajakueleza, ukasema unaitwa kazini, ukakata. Tangu hapo akaona afadhali ameze. Alisema yeye anaweza kumdanganya muuguzi na akalala usingizi, lakini hawezi kumwambia bado mtu aliyekatwa ubavu kwa ajili yake, wala hawezi kumwambia amemeza kama hajameza. Kaka, hasira zangu zilikosa pa kukaa. Mimi nilitaka kumpa figo yangu, vipimo vikanikataa. Nimebaki kumpa kelele tu.

Daktari nimemweleza yote. Amepandisha dozi, na anasema figo inaweza kutengemaa, mradi damu ya Alhamisi ijayo iseme kweli. Basi nakuomba, asubuhi hiyo usipige simu. Najua utakaa roho juu. Kaa hivyo hivyo. Piga mchana, na usimwulize dawa. Mwulize habari za saa alizonazo mezani, ipi imekubali na ipi imemshinda. Tangu mpasuliwe hujamwuliza kitu kingine.

Msalimie wifi, na watoto waambie shangazi yao anawakumbuka. Baba ameniona naandika, ingawa hajui naandika nini. Amesema nikusalimu sana, na nikwambie kwamba amemeza.

Ni mimi mdogo wako,
yule mnayemwita Kelele.