Siku Uliyoutaja Ugonjwa Wako Mlangoni

Mama,

Jumapili baada ya misa walituonyesha filamu katika ukumbi wa parokia, nami nikacheka mbele ya watu wote. Ndaya, binti yangu mwenye kubeba jina lako, alinifinya mkono kwa haya. Haikuwa filamu ya kuchekesha. Ilikuwa habari ya kweli ya wagonjwa wa ukimwi, hiyo sida yetu, katika nchi za mbali, zamani kabla ya dawa. Walitembea barabarani wakipaza sauti ili serikali ziwasikie. Mwanamke mmoja, mwembamba kama ulivyokuwa wewe, alisimama mbele ya umati akasema anao, wamtazame vizuri. Nilicheka kwa sababu nilikuona wewe. Kisha watu wakampigia makofi.

Makofi, Mama! Wewe hukupata hata moja.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Vijana walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba hapa Dilala, wakitufukuza majumbani sisi Wakasai, eti ni wageni, ingawa tulizaliwa hapa hapa. Baba alikuwa stesheni akitutafutia nafasi kwenye treni. Kijana mmoja alikuwa ameshaweka godoro lake kizingitini kwetu, tayari kuhamia. Ndipo ukajikokota hadi mlangoni, wewe uliyetukataza kupiga kelele mbele ya wageni, ukaita mtaa mzima usikie: "Mi niko na sida! Mwenye anapenda kitanda yangu, akuye akamate!"

Yule kijana alibeba godoro lake mbio. Hawakurudi. Ulikufa wiki tatu baadaye ndani ya nyumba yako, wakati wenzetu waliofukuzwa walikuwa wakizika watu wao kando ya reli, wakingoja treni.

Lakini mimi sikuona hayo. Niliona aibu tu. Majirani waliacha kutuomba moto, shuleni wakaniita mutoto wa sida. Nilikununia, Mama. Ulikuwa ukiniita, nami najifanya sisikii. Nilipoolewa nilimwambia mume wangu, na baadaye watoto, kwamba ulikufa kwa tifoidi.

Filamu ilipokwisha, sista akauliza kama kuna mwenye neno. Nikasimama. Nikataja jina lako, nikataja sida, nikaeleza habari ya godoro. Ukumbi mzima ulicheka, na baadhi yao walikuwa wakifuta machozi. Nilipoketi nilikuwa mwepesi, kama mtu aliyetua ndoo ya maji kichwani. Nimefurahi, nisikufiche.

Njiani Ndaya aliniuliza habari ya bibi yake: "Ile siku nkambo aliogopaka?"

Nikamwambia ambalo sijawahi kumwambia mtu. Nilikuwa nyuma yako, nimeshika kitenge chako, na miguu yako ilikuwa ikitetemeka hata kitenge kikatikisika mkononi mwangu. Wale vijana hawakuona. Mimi niliona, Mama, na bado nikakununia.

Nisamehe. Tifoidi sitaitaja tena. Yeyote atakayeuliza, mkwe au mjukuu, atasikia ulivyokufa na ulivyosimama.

Pumzika, Mama yangu. Sikuonei aibu tena.

Mwanao,
Kapinga