Baiskeli ya Mama Haikunjiki Tena

Chumba cha mwisho, ghorofa ya juu,
Nyumba ya njano nyuma ya ghala la mbao.
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, unakula vizuri, na baridi ya huko haijakukausha masikio. Kifua je? Mama alisema ulikohoa kwenye simu mpaka ukashindwa kumgombeza, nikajua hapo mjomba kweli anaumwa. Mkaza mjomba hajambo? Na binamu yangu Redio, amepunguza kuongea au bado mnamzima kwa kumpa chakula?

Sisi huku hatujambo. Mimi nina afya tele, nimerefuka, mabega yamepanuka, na wasichana wa saluni ya hapo chini wamekubali, ingawa wanajifanya hawajaniona. Mama naye hajambo, ila kwa mama ndipo nitakapotua, kwa hiyo vuta kiti ukae.

Usishangae mpwa wako kushika kalamu. Shule niliiacha njiani, lakini mwandiko nilikimbia nao. Simu siwezi kutumia kwa jambo hili, maana chumba chetu ni kimoja na masikio ya dada yako unayajua. Sasa hivi amelala, mguu ameupandisha juu ya mto.

Unakumbuka lilivyoanza. Basi lililokuwa linapita barabara ya viwandani lilifutwa, na mama akabaki na miguu yake. Kile kiwanda cha kufulia anakopiga pasi kiko mwisho kabisa wa barabara ile, na kisigino chake cha kulia kinamchoma kama amekanyaga msumari. Daktari akasema apumzike asisimame, kana kwamba watu hupiga pasi wakiwa wamelala. Na msimamizi wao, yule wanayemwita Bibi Saa kwa kusimama getini akitazama saa ya ukutani, alishatangaza kwamba mchelewaji atahamishiwa upande wa maji. Huko ni kubeba mashuka mabichi kwenye sakafu inayoteleza. Mama na kisigino kile hataweza, na akishindwa huko hakuna upande mwingine, ni kwenda nyumbani. Meza yake ya dirishani aliipata kwa jasho la miaka. Hakuna anayenyoosha marinda kama yeye, na hilo hata Bibi Saa hukubali akiwa na njaa.

Ndipo ukatuma pesa za baiskeli ya kukunja. Wazo zuri, Mjomba, sikatai. Mwenye nyumba hataki baiskeli koridoni, na ya kuachwa chini asubuhi unaikuta mifupa. Ya kukunja inapanda ngazi na mtu wake, inalala chini ya kitanda, kule kazini inaingia chini ya meza ya pasi. Ukaniambia nichague kwa akili. Ukarudia neno akili mara nyingi kuliko ilivyokuwa lazima, lakini nimekusamehe.

Nilichagua kama mtaalamu. Wauzaji wa mtaa ule bado wananizungumzia. Kulikuwa na moja ya magurudumu madogo kama sahani, inakunjika ikawa kama mkoba, nikaipanda kidogo tu, meno yangu yakagongana kwenye kila kokoto. Nikaiacha. Kulikuwa na mpya inayometameta, bei nusu ya nilivyotegemea, lakini ukiishika usukani na kuutikisa, bawaba ya katikati inacheza kama jino bovu. Baiskeli ya kukunja huangalii rangi, unaangalia bawaba. Hilo nilijifundisha mwenyewe. Mwishowe nikapata ya mtumba, magurudumu ya wastani, gia chache zinazoingia vizuri, chuma kizito kiasi lakini bawaba imekaza kabisa. Nikaikunja na kuikunjua mpaka muuzaji akaniuliza, "Kijana, unanunua baiskeli au mwavuli?" Nikamjibu kwamba nanunua miguu ya mama yangu, akashusha bei.

Pesa yako ikabaki kidogo. Tukakubaliana kwenye simu kwamba hiyo ni ya starehe, yaani ya kuilainisha baiskeli imfae mama. Laiti ingeishia yote dukani.

Mimi asubuhi gari la fundi vioo hunichukua mapema, mama bado anafunga kitambaa. Huwa naishusha baiskeli hadi chini, naikunjua, naiegemeza ukutani, naondoka. Kwa hiyo sikuwahi kumwona akipanda. Jioni namuuliza, "Ilikuwaje leo?" Siku za mwanzo akajibu kwamba ni nzuri ila kiti ni kigumu. Haraka nikanunua kiti kipana chenye springi, ukikaa ni kama uko sebuleni kwa mtu tajiri. Akasema nzuri, ila usukani uko chini, mgongo unapinda. Nikamtafutia shingo ndefu ya usukani, imetoka kwenye baiskeli ya aina nyingine. Akasema mikono inakufa ganzi. Nikaweka vishikio laini vya sponji. Akasema inarusha. Nikaweka tairi nene. Kila nikikupigia wewe unacheka na kuongeza, "Mfanyie, mfanyie, ni dada yangu wa pekee."

Mwishowe akasema kengele ina kelele.

Hapo ningepaswa kushtuka, Mjomba. Mtu aliyepewa kila kitu akafika kwenye kengele, ujue malalamiko yamemwishia. Lakini mimi nikaenda nikanunua kengele ya upole.

Sasa sikia matokeo ya ufundi wangu. Shingo ile ndefu hailali, kwa sababu si ya baiskeli hii. Kiti kipana kinagonga fremu. Tairi nene zinakwamana zenyewe kwa zenyewe. Baiskeli haikunjiki tena. Nilimpelekea fundi baiskeli wa kona, yule mwembamba tunayemwita Spoku. Akaizunguka, akaniangalia, akasema, "Umenunua ya kukunjwa, halafu ukalipa ili isikunjwe. Hongera, bwana mkubwa. Sasa unayo baiskeli fupi." Nikamwuliza kama vya zamani vinarudi. Vya zamani nilishaviuza ili ninunue kengele.

Basi kila jioni naibeba mabegani nzima nzima hadi ghorofa ya juu. Nimekwangua rangi ya ukuta kila penye kona, na jirani wa ghorofa ya katikati akisikia mngurumo wangu anafungua mlango na kusema, "Karibu, ng'ombe amefika." Ndani inasimama kati ya kitanda na kabati. Ukitaka shati lazima umwombe radhi usukani. Kule kazini kwa mama haiingii chini ya meza, askari wa geti ndiye anayeificha nyuma ya kibanda chake kwa huruma tu.

Haya yote ningekuandikia kama kichekesho, ungecheka ukakohoa, tungeyamaliza. Lakini juzi nimeona kitu.

Tulikuwa na kazi barabara ya viwandani, kuweka kioo kikubwa cha duka jipya. Gari lilichelewa kuja kutuchukua, jua limeshatoka. Kioo kile si cha mtu mmoja. Fundi ameshika upande huu, mimi upande ule, tunavuka barabara kwa hatua za kuku, na sheria ya fundi ni moja: ukishabeba kioo huongei, hukohoi, huangalii msichana. Nikaangalia mbele kupitia kioo. Na upande wa pili wa kile kioo namwona mama.

Hakuwa amepanda. Alikuwa anaisukuma. Ameinama kidogo, mikono yote miwili juu ya usukani, uzito wake wote ameulaza pale, mguu wa kulia anauweka chini kama anaogopa kuamsha mtoto. Mkoba umening'inia kwenye kile kiti cha kitajiri. Anasukuma, anasimama, anasukuma. Watu wanampita kwa miguu yao tu, yeye ana baiskeli yenye gia.

Nilitaka kumwita. Fundi akanong'ona bila kugeuza shingo, "Ukiachia, tumekufa wote wawili." Sikuachia. Sikuita. Nilisimama nimekumbatia kioo mpaka akafika mwisho na kuingia getini, na Bibi Saa pale pale na macho yake kwenye saa ya ukutani. Safari hii aliwahi. Kwa jinsi alivyokuwa anatembea, nilijua anatoka nyumbani mara tu gari letu linapokata kona.

Jioni nilipoibeba juu, niliichunguza kwa mara ya kwanza kwa macho, siyo kwa mdomo. Tairi zile, vile vinyweleo vya mpira vya pembeni bado viko kama vilivyotoka dukani. Kiti hakina hata mkunjo. Pedali safi, unaweza kulia chakula. Kitu kimoja tu ndicho kilichochakaa, vile vishikio vya sponji. Vimeingia ndani, vimekuwa vyeusi, viganja vyake vimechorwa pale. Mimi ndiye mjuzi wa baiskeli mtaa mzima, na sikuona.

Sikumwambia. Nilijifanya natia mafuta cheni, nikamtania, "Mama, wewe nani alikufundisha baiskeli?" Akacheka, kile kicheko chake cha kugeukia ukuta. Akasema nyumbani kwenu ilikuwapo moja, na ilikuwa yako wewe, Mjomba. "Mimi nilikuwa nashika kiti kwa nyuma asianguke. Nilikimbia naye njia yote mpaka akajua. Alipojua akaenda zake, sikumwona mpaka jioni."

Halafu akaniomba nimpe kitambaa cha moto cha kisigino.

Mjomba, wewe ulikua naye nyumba moja, mmekula sahani moja. Mwezi mzima tunazungumza gia, springi, bawaba, wewe huko unatoa amri na mimi huku natekeleza kwa mbwembwe. Katika vichwa vyetu viwili vilivyojaa akili, hakuna kilichouliza kama dada yako anajua kuendesha. Na yeye hakusema, kwa sababu ulifurahi sana kwenye simu, na mimi niliingia nayo mlangoni kama mshindi.

Sasa sijui nifanye nini, na unajua kwangu kusema hivyo ni kama kutapika. Kumfundisha nimejaribu kwa kuzunguka. Nilisema twende kwenye uwanja wa ghala la mbao Jumapili tujaribu gia, akasema Jumapili ni ya kupumzika. Nadhani anajua kwamba najua. Hataki kuanguka mbele yangu. Nilimwomba fundi niwe naanza kazi baadaye kidogo nimsindikize, akaniuliza kama vioo vitajibeba. Kumpakia nyuma hakuwezekani, baiskeli fupi haina karia, na ingekuwepo angekataa. Kuiuza nayo siwezi. Nikiiondoa, atashika nini njiani? Ndiyo fimbo yake sasa, Mjomba. Fimbo yenye kengele ya upole.

Jana ameniambia breki zimelegea. Nimezikaza. Nilikuwa nimepiga magoti pale, nakaza breki za baiskeli isiyokimbia, naye amesimama juu yangu anasema, "Hapo hapo, baba. Sasa itakuwa salama." Nikaitikia ndiyo mama. Kisha nikatoka nikanunua vishikio vingine vya sponji, vinene zaidi, kwa pesa yangu mwenyewe. Hiyo ndiyo akili yote iliyobaki.

Tafadhali usimpigie kumuuliza. Atakuambia inakimbia kama upepo, na utamwamini. Na usitume kitu kingine, tena nakuomba kwa heshima zote ambazo huwa sikupi. Nyumba imejaa starehe.

Ukipata likizo, hata fupi, hata ya kukopa, uje. Mbele yangu hataki, lakini wewe ulishaanguka mbele yake mara nyingi. Njoo umshikie kiti. Naye akijua, utamwona anavyokwenda zake mpaka jioni.

Najua nauli ni mlima na kazi ya huko haina huruma. Nimeandika tu kwa sababu mimi kiti kile nimeshakishika, na sijui namna ya kumwambia apande.

Msalimie mkaza mjomba, mwambie ile sweta inanibana mabega, siyo kosa lake, ni ukubwa wangu. Msalimie Redio, apumzishe betri. Binamu mdogo mbusu shavuni kwa niaba yangu. Spoku wa kona anakusalimu bila kukujua, na jirani wa katikati pia. Mama angekusalimu, lakini hajui kama nimeandika, na sasa hivi anajigeuza kitandani, kwa hiyo nakunja karatasi hii. Hii angalau inakunjika.

Mungu akulainishie kifua na akufungulie njia ya kuja huku.

Mimi mpwa wako ninayekupenda hata ukinuna,

Mtoto wa dada yako.