Salamu za Bi Mwanahawa Shindanoni

Shangazi, shikamoo! Hapa Fordsburg ugenini baridi inauma masikio, ila vitumbua ni vya moto.

Anavipika Bi Mwanahawa, Mtanga mwenzetu. Nimemrekodi kwa ajili ya shindano la wanahabari wanaoripoti maisha ya wahamiaji. Wanataka dakika tatu tu, nikazikata salamu zetu za mwanzo. Alipojisikiliza, akaiondoa sahani yangu ya vitumbua: "Yaani umenivamia kwa maswali kama polisi? Tanga watasemaje?"

Nikazirudisha zote, za wazee, za watoto, hata za paka. Ikabaki nafasi ya jibu moja tu, la pale nilipomuuliza anakumbuka nini nyumbani: "Eish, mwanangu! Kwetu mtu hanipiti bila salamu."

Nimeituma rekodi hivyo hivyo. Nisalimie mtaa mzima, usimruke mtu.

Mwanao,
Rehema