Siku Tuliyoipita Hospitali ya Karibu

Segese,
Jumapili mchana

Baba mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute una nguvu, na baridi ya Mlalo isiwe inakusumbua sana kwenye ule mkono. Mguu je, bado unakufikisha shambani? Mimi ni mzima, ila vumbi la huku limenikausha koo. Najua Kaka Hoza ndiye anayekusomea. Asome polepole, maana leo nina jambo.

Siku hizi, mbali na kazi ya wodini, ninasafiri na gari la wagonjwa la kituo chetu cha afya. Dereva wangu ni Masanja, Msukuma mpole, mtu wa maneno machache. Jumanne asubuhi tuliitwa kwenye machimbo ya dhahabu, mama lishe mmoja, Mama Kulwa, ameanguka jikoni kwake. Tulimkuta mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia hauinuki, maneno hayatoki. Baba, nilikuona wewe.

Nilijua ni kiharusi. Hospitali ya karibu ilikuwa mwendo wa dakika ishirini, lakini haina mashine ya kupiga picha ya kichwa. Yenye mashine iko mwendo wa saa moja na nusu. Bila picha huwezi kujua kama mshipa umeziba au umepasuka, na dawa ya kuuzibua ukimpa ambaye mshipa wake umepasuka, unamuua. Tena dawa hiyo ina saa zake, nne na nusu tangu ugonjwa uanze. Zikipita haitolewi. Nikampigia simu daktari wa hospitali kubwa, akaniuliza swali moja: mara ya mwisho mgonjwa alionekana mzima saa ngapi?

Mumewe, Baba Kulwa, alisema mkewe analalamikia kichwa tangu alfajiri. Kama ugonjwa ulianza hapo, muda ulikuwa unatuishia na safari ndefu haikuwa na maana. Ndipo Neema, binti anayekaanga chapati meza ya pili, akasema hapana. Kichwa kilimuuma kweli, lakini alikuwa akiongea na kubeba ndoo mwenyewe, na walikuwa wakicheka pamoja redio ilipoanza taarifa ya habari ya saa nne. Nikatazama saa. Ilikuwa saa nne na dakika arobaini. Daktari akasema nimlete, wanatusubiri.

Baba Kulwa akashika mlango wa gari. Alitaka hospitali ya karibu, ambako ana dada wa kumpikia mgonjwa uji.

"Unaipita hospitali huku unaiona," akaniambia. "Akifia njiani nitawaambia nini watoto?"

Nikamwambia, "Anaweza kufia njiani, sitakudanganya. Lakini baba yangu tulimchelewesha, na mkono wake haujarudi mpaka leo."

Masanja akaongeza maneno mawili matatu kwa Kisukuma, taratibu. Baba Kulwa akauachia mlango, akapanda.

Miaka yote hii sijawahi kukutamkia jambo hili, Baba. Siku ile ulipopata kiharusi, Mama alitaka kutafuta gari, na mimi ndiye niliyesema umechoka tu, uachwe ulale. Ulijua, na hukunilaumu hata mara moja. Ukanihimiza nisomee uuguzi, kwa ulimi uleule mzito. Nakushukuru kwa hilo kuliko ninavyoweza kuandika.

Tulipoipita ile hospitali, Baba Kulwa aliigeukia mpaka ikapotea. Mimi nilikuwa nampima mkewe presha, nikiogopa nimemkosea. Tukafika. Picha ikaonyesha mshipa umeziba, dawa ikaingia ndani ya muda.

Ijumaa nilipopeleka mgonjwa mwingine nikapita wodini kwake. Mkono sasa unafika begani. Kusema bado anasumbuka, lakini alilitafuta neno mpaka akalipata: "Wabeja." Ndiyo asante ya huku. Nikatoka nje, nikalia. Niliporudi Segese nilikwenda kwanza kwa Neema, nikampa asante hiyo, maana ilikuwa yake zaidi kuliko yangu.

Nisalimie Mama, Shangazi wa sokoni, Mjomba na kwaya yake, na watoto wa Kaka wote.

Nawe Hoza, usiikunje barua bado. Ndani ya kifurushi kilichokuja na barua hii kuna mashine ya kupimia presha. Mfunge Baba mkono wa kushoto, kisha mpime Mama, kisha wewe mwenyewe, uniandikie namba zote tatu. Na ukimwona yeyote hapo nyumbani mdomo umekwenda upande, usimwache alale.

Mwanao akupendaye,
Eliza