Ile Taa ya Njano Ilikuwa Inasema Nini

Mwitongo, Butiama.
Jumatatu, 9 Juni 2025.

Mpendwa kaka Kasmiri,

Shikamoo kaka. Hujambo huko Tunduma? Kifua chako kinavumilia ile baridi? Nauliza kwa sababu Clever, dereva wa lori anayekuletea barua hii, alituambia alikukuta ghalani umevaa makoti mawili, ukamwuliza kama mvua zimenyesha Butiama, lakini habari zetu hukumwuliza. Basi nakupa bila kuulizwa.

Sisi tunaendelea kwa rehema za Mungu. Mama magoti yanamsumbua ila jembe hajaliacha. Pamba ya baba mdogo Robert imepasuka vizuri mwaka huu, na muhogo upo. Mwanangu Dorah, uliyemwacha anatambaa, ana miaka saba sasa, anasoma hata maandishi ya kwenye mifuko ya mbolea. Wewe anakujua kwa picha tu.

Nikipika sato nakumbuka mlivyokuwaga mnagombania kichwa, wewe na marehemu Gasper, mpaka mama anawanyang'anya anakula mwenyewe. Siku hizi kichwa kinabaki kwenye sahani. Hakuna anayekitaka.

Kaka, nina jambo. Tafadhali usiikunje barua hapa.

Mwezi uliopita baba mdogo alitaka stoo aweke pamba, akasema ile pikipiki yako ya spoti iuzwe kwa watu wa vyuma chakavu. Imekaa chini ya turubai miaka sita, tangu mdogo wetu alipoanguka nayo karibu na Kiabakari. Nilikataa. Si kwamba naipenda. Nilikataa kwa sababu ya maneno niliyokuambia msibani mbele ya watu, kwamba ulimpa Gasper pikipiki huku taa ya njano ya onyo kwenye dashibodi inawaka, ukamwambia aende tu, haina neno. Nilikuita muuaji. Hata arobaini haikukukuta nyumbani. Polisi waliandika kwamba ng'ombe alikatiza barabara, lakini midomo yetu ilibaki kwenye ile taa. Nikamwambia baba mdogo haiuzwi kabla sijajua taa ilikuwa inasema nini.

Nilikodi kigari cha mizigo, kirikuu, tukaipakia, tukaipeleka Musoma. Fundi wa kwanza aliiangalia, akacheka, akasema kama taa inanikera ataing'oa balbu tu, nisiione tena. Nikaona huyu hajanielewa. Wiki iliyofuata nikaipeleka Bunda kwa fundi mmoja anaitwa Masatu, mtu mpole, mikono myeusi kwa oili. Yeye hakucheka. Aliniuliza kwa nini natengeneza pikipiki nisiyojua kuiendesha, nikamweleza yote. Akaenda kutafuta betri.

Alipowasha swichi taa zote ziliwaka, zikazimika, ikabaki ile moja. Njano. Nilimwona Gasper amevaa kofia yako kubwa kuliko kichwa chake, anatupungia mkono.

Masatu akafungua kiti, akatoa soketi ndogo iliyofichwa chini yake, akaunganisha nyaya mbili kwa kipande cha waya. Taa ikaanza kukonyeza.

"Hesabu na mimi," akasema. "Ndefu ni makumi, fupi ni mojamoja."

Ndefu tatu. Fupi tano. Ikatulia, ikarudia: ndefu tatu, fupi tano. Tulihesabu mara nne, mimi nikiwa nimepiga magoti kwenye mchanga wa gereji. Masatu akasema kompyuta ya pikipiki haisahau hata betri ikifa, na kwamba kingekuwepo kibovu kingine ingekitaja. Haikutaja kingine. Akafungua kitabu cha hiyo pikipiki kwenye simu yake, akatafuta thelathini na tano.

"Ni kilango cha ndani ya ekzosi, bomba la moshi," akasema. "Kuna waya unakifungua na kukifunga. Kimeganda kwa kutu na vumbi. Njoo ushike."

Nikashika. Hakikusogea kabisa.

"Na breki?"

"Taa hii haizijui breki. Breki nimezifungua mwenyewe, ni nzima."

"Haiwezi kuzima pikipiki mtu akiwa kwenye mwendo?"

"Dada, inapunguza nguvu kidogo. Haizimi pikipiki, haimwangushi mtu. Aliyesema haina neno alisema kweli."

Nililia mbele ya mafundi wote, kaka. Mmoja alizima redio. Masatu akasafisha kile kilango, akakipaka grisi, akafuta kumbukumbu ya ile kompyuta. Alipowasha swichi tena, taa iliwaka kidogo, ikazimika.

Nikiwa njiani kurudi furaha yangu iliingia doa. Nilijiuliza, je, kama ingekonyeza namba nyingine? Ningekuandikia? Nimeona kwamba nilikuwa nangoja pikipiki inipe ruhusa ya kukuomba msamaha, wakati ulimpenda Gasper kuliko sisi wote, na wewe ndiye uliyembeba kwa mikono yako kumtoa mtaroni. Sikuwa na haki ya yale maneno hata kwa taa ya namna yoyote. Nisamehe, kaka yangu. Sikuandikii kukuambia kwamba huna kosa. Nakuandikia kukuambia kwamba mwenye kosa ni mimi.

Nilipofika nilimkuta mama anapepeta mtama. Nikamweleza habari ya kilango, na namba, na alichosema fundi. Nilidhani atafurahi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka ungo chini.

"Wankyo, mimi niliuliza lini habari za taa? Gasper najua alipo. Kaburi lake nalipalilia kila mwezi. Huyu mwingine aliye hai nimpalilie wapi?"

Ndiyo maana nimeandika.

Baba mdogo Robert anakusalimu, na Marcelina mkewe pia. Dorah anasema shikamoo mjomba, na anataka kujua kama Tunduma kuna ziwa. Mama hakutuma salamu. Amesema salamu zake hazipitii kwa dereva, atakupa mwenyewe mkononi.

Mungu wa baba yetu akulinde kwenye baridi hiyo, akulainishie moyo, na miguu yako aielekeze huku.

Ni mimi mdogo wako niliyekukosea na ninayekupenda,
Wankyo.