Mama Yetu Borbála Kerekes, Aliyeliondoa Jina la Mlevi

Ni mwaka mmoja sasa, Mama, tangu asubuhi ile ya Machi ulipotutoka hapa Szeged, ukiwa umemshika Baba mkono na kumkumbusha kwamba paprika imebaki kidogo kabatini.

Tuna mengi ya kukushukuru. Ulitulea ukinukia chachu, maana siku nzima ulikuwa ukiwalisha chachu inzi wa matunda katika chupa za maabara. Ulicheka kwa sauti hata kanisani. Supu yako ya samaki, yenye paprika kali, ilimtoa mkweo Levente machozi siku ya kwanza alipokuja kwetu, nawe ukamwambia, "Kula, mwanangu, chumvi umeongeza mwenyewe kwa machozi."

Lakini lipo jambo ambalo hukupenda kulisimulia, nasi leo tutalisimulia.

Ulipokuwa msichana wa maabara uligundua jeni moja katika inzi wako. Ikiharibika, inzi walipepesuka ndani ya chupa, na kwa utani wa ujana ukaiita Mlevi. Jina likaenea duniani, nawe ukajulikana kwalo. Miaka mingi baadaye jeni hiyohiyo ikaonekana kwa binadamu, ikapewa jina lilelile. Watafiti wa panya walikuwa na jina lao kwa jeni hiyo, wa samaki lao.

Ndipo akaja Bibi Hajnalka kutoka Makó, na binti yake Emőke wa miaka minne, asiyeweza kupiga hatua tatu bila kuyumba. Hospitalini walikuwa wamemsomea majibu mbele ya wakwe zake, kama yalivyoandikwa: mtoto ana jeni ya Mlevi iliyoharibika.

"Daktari, mimi hata bia sijaonja," alikuambia akilia. "Sasa mama mkwe anasema nilimlewesha mtoto tumboni. Nani alileta jina hili?"

"Ni mimi," ulijibu. "Nisamehe, dada. Nitaliondoa."

Ilikuchukua miaka mitatu. Uliwaandikia watu wa inzi, wa panya, wa samaki na wa hospitali, ukiomba jeni moja iitwe jina moja kwa viumbe wote hao, herufi na namba tu. Wengi hawakujibu. Mwenzako wa maabara, Gellért, alikufuata hadi jikoni kwetu.

"Borbála, umaarufu wako wote ni jina hilo. Utabaki na nini?"

"Umaarufu wa ulevi? Chukua wewe, Gellért, unakufaa zaidi!"

Baba alicheka hadi akamwaga kahawa. Ila sisi tulikuona ulivyogeukia jiko ukajifuta macho.

Mwishowe walikubali. Daktari wa Emőke alipotafuta kwa jina jipya, alikuta kazi ya watu wa panya iliyokuwa imefichika miaka sita chini ya jina lao: dawa ya kupunguza kuyumba. Haikumponya, lakini ilimwezesha kwenda shule kwa miguu yake.

Siku ya maziko yako Emőke alitembea kutoka kituo cha tramu, fimbo mkononi, mama yake amebeba maua. Akasimama kaburini, akasema, "Asante, bibi. Ulimsafishia mama yangu jina."

Unakumbukwa na mumeo Ákos, wanao Réka na Bulcsú, mkweo Levente, mjukuu wako Villő, dada yako Etelka wa Baja, na Emőke, asiye wa damu yetu, aliyepiga simu kuomba aandikwe hapa pamoja nasi. Tumemwandika.

Tutakukumbuka, Mama, siku zetu zote.