Maharage Uliyoyaanika Nyuma ya Jiko

Mama, shikamoo.

Marahaba nitajiitikia mwenyewe, maana ulinifunza kwamba habari haitangulii salamu. Nakuandikia kwa kalamu nyekundu ya kusahihishia, ndiyo pekee iliyokuwa mezani. Usicheke. Mwalimu mzima wa miaka hamsini na miwili, na barua yangu inaonekana kama ya mtoto aliyefeli.

Nimefeli, Mama.

Simu nimeizima, huu ni mwezi wa tatu. Iko ndani ya chungu chako cha mbegu, humo kwenye majivu, kwa sababu msimu huu hakikuwa na mbegu ya kulinda. Nitakueleza kwa nini.

Asubuhi ile hospitalini nilikuwa nimekaa kando ya kitanda chako, nikibishana kwenye simu na wenzangu niliosoma nao. Tulibishana kuhusu mpira. Mpira, Mama! Mimi ambaye hata mbio za magunia zilinishinda. Ukasema kitu. Nikajibu, "Ngoja kidogo, Mama." Ukasema tena, nikadaka neno moja tu: maharage. Nikawaza, mama huyu, hata hapa yuko shambani. Nikamalizia kuandika. Nilipoinua kichwa ulikuwa umeshangoja vya kutosha.

Kabla hatujakufikisha nyumbani Mugoma, nilikuwa nimeshakutangaza mtandaoni. Nikaweka picha yako ya Pasaka, ile uliyonuna, na chini yake nikaandika kwamba maneno yako ya mwisho yalikuwa, "Wanangu, pendaneni kama nilivyowapenda." Wewe! Wewe ambaye upendo wako ulikuwa "Umekula?" na "Nani kaacha zizi wazi?" Niliyaokota kwenye Injili nikakuvisha, kwa kuwa yako sikuyasikiliza. Watu wakalia. Wakatuma mishumaa na mioyo, nami nikakaa msibani naisoma yote, mmoja mmoja, kama mtu anayesahihisha daftari zake mwenyewe.

Desturi nilizifuata sana, usinionee. Jembe halikuguswa. Hakuna aliyelima, aliyevuna wala aliyekwenda kuangalia kazi yoyote mpaka wazee walipotuachilia. Shangazi Adela akaniona nimeinamia kioo, akasema mbele ya watu wote: "Majembe yote yamelala. Hako kadude kako, Mwalimu, kenyewe hakajafiwa?" Watu wakacheka. Mimi nikacheka kuwashinda.

Siku tulipoachiliwa nikapita nyuma ya jiko kuchukua jembe lako. Mkeka ulikuwa pale. Maharage yako ya mbegu, yale mekundu yenye madoa, uliyoyachagua moja moja ukayaanika kabla homa haijakulaza. Mvua ilikuwa imeyapiga siku zote za msiba. Mengi yalikuwa yameoza. Machache yalikuwa yameota, mizizi imetoboa mkeka.

Nikachuchumaa. Simu ilikuwa mkononi, na Mama, nikwambie aibu yote: kidole kilishaanza kutafuta kamera.

Ndipo nikaizima.

Wiki za kwanza kidole gumba kilikuwa kinasugua mpini wa jembe kama kioo. Wanasema ukipumzika na mitandao unapata utulivu. Usingizi nimepata, kweli. Mke wangu siku hizi ananiita mara moja tu, na wanafunzi wangu nimegundua wana sura. Lakini kelele zote zilipotoka, uliyebaki ni wewe, unaniambia maharage, nami nakwambia ngoja.

Sasa kuna mdogo wangu Leokadia. Alifika kutoka Biharamulo ukiwa umeshafukiwa, kwa sababu mimi sikumwita mapema. Yale maneno niliyokuvisha ameyashika kama rozari. Aliniambia ndiyo yaliyomfanya anisamehe. Na Jumamosi fundi anakuja kuyaandika kwenye msalaba wako, saruji ikiwa mbichi. "Kaka," akasema, "wewe ndiye utakayeyasoma. Wewe ndiye uliyeyasikia."

Nitasoma nini, Mama?

Ile miche iliyoota niliipandikiza. Saba ikashika, ikazaa. Imenipa maharage ya kujaza kiganja, na kiganja chenyewe unakijua, cha mtu wa chaki. Kesho asubuhi napanda basi la Biharamulo nimpelekee. Simu ingelimaliza jambo hili kwa dakika mbili, ndiyo maana simu inabaki chunguni. Nitamwambia ulisema nini, na mimi nilijibu nini. Akinitukana, nitasikiliza mpaka amalize. Akirudisha msamaha wake, ni wake. Akinifungia mlango, nitayaacha maharage kizingitini, yeye anajua kupanda kuliko mimi. Ila msalabani sitaacha waandike uongo wangu kwa jina lako. Hilo nakuahidi, na safari hii sikwambii ungoje.

Haya, Mama. Lala. Jana mawingu yalipotanda niliyaanua maharage kabla ya mvua.

Mwanao,
Deo